Nyigu Juu ya Mstari Mweupe

Chawa ni mdudu mdogo kuliko kichwa cha pini, lakini ana akili ya kutosha kumdharau mtu anayemfuata kwa kidole kimoja. Ukimbonyeza kichwani, anajizamisha kwenye nywele. Ukimbonyeza kwenye nguo, anaingia ndani ya mshono na kutulia tuli, kama mpangaji aliyefunga mlango kwa ndani. Aliyewahi kulala bwenini anajua kwamba mdudu huyu hufa siku kucha mbili zinapokutana naye akiwa katikati. Ndiyo maana ya methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa: ziko kazi ambazo mtu peke yake, awe hodari namna gani, hataziweza bila mwenziwe. Maneno haya ni mepesi mdomoni. Ndugu wawili wenye gereji nyuma ya soko waliyasoma tangu shule ya msingi, wakayaandikia insha na kupata alama nzuri, kisha wakaishi miezi mingi kama watu ambao hawajawahi kuyasikia.

Kaka mtu aliitwa Nyundo, kwa kuwa hakuna ugonjwa wa gari aliouona ambao haukuhitaji kupigwa japo kidogo. Mdogo wake wa kike aliitwa Rula. Huyu alikuwa hatamki neno kabla ya kupima, na hata sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa ukingo wa kisu. Gereji waliachiwa na marehemu baba yao, na kwa muda mrefu walikuwa chanda na pete. Nyundo akishika, Rula anakaza. Rula akisoma kipimo, Nyundo anakiamini bila kuuliza. Wateja walikuwa wakisema kwamba ndugu hao wakiinama pamoja chini ya boneti, gari lenyewe linaona haya kuendelea kuumwa.

Kilichowatenganisha ni gurudumu. Siku moja walibadilisha tairi za teksi. Nyundo akadhani Rula amekaza nati za gurudumu la mbele. Rula naye akadhani Nyundo amezikaza. Teksi ilipofika kona ya soko, gurudumu likaliaga gari, likavuka barabara peke yake, likaingia katika duka la kinyozi na kujiegemeza kwenye kiti kilichokuwa wazi. Kinyozi, ambaye hakuwa na desturi ya kugeuza shingo akiwa na wembe mkononi, aliliambia lisubiri zamu yake. Hakuna aliyeumia, na sokoni watu walicheka hadi wakashika mbavu. Gerejini hakucheka mtu.

"Ni wewe," alisema Nyundo.

"Ni wewe," alisema Rula.

Mazungumzo yao yote ya mchana ule yalikuwa hayo hayo, kwa sauti inayozidi kupanda. Jioni Rula alichukua kopo la rangi nyeupe akachora mstari sakafuni, umenyooka kama uzi, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Sheria ikawa hii: gari likiwa upande wako ni lako, kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho, na mwenzako asiliguse hata kwa kulipangusa vumbi. Kosa likitokea, litajulikana la nani. Na kwa kuwa mstari ulikata sakafu, maneno nayo yakakatika. Aliyehitaji spana iliyo ng'ambo alizungumza na hewa. "Kuna watu wamekalia spana kubwa," Nyundo alikuwa akiiambia hewa. Baada ya muda spana ingeteleza sakafuni na kusimama mstarini, bila salamu.

Basi katika hali hiyo ndipo alipoingia shangazi yao.

Shangazi alikuwa mwalimu mstaafu wa udereva. Nusu ya mji aliifundisha kuendesha, na nusu iliyobaki aliifundisha kupisha. Alikuwa na gari la spoti la zamani, la viti viwili, boneti ndefu, kimo kifupi, rangi ya manjano yenye michirizi myeusi ubavuni. Aliliita Nyigu. Kila Jumapili alijifunga kitambaa kichwani, akamchukua rafiki yake, nesi mstaafu aliyekuwa na umri kama wake na mdomo mkali kuliko wake, wakapanda barabara ya milimani wakiimba kwa sauti mbili ambazo hazikuwahi kukutana. Watu wa rika lao walikuwa wakihesabu vidonge. Wao walikuwa wakihesabu kona.

"Nyigu anakwenda mrama," Shangazi alimwambia Nyundo, akisimamisha gari upande wake kwa sababu ndiye mkubwa. "Nageuza usukani upana wa vidole vitatu, magurudumu yanasema subiri kwanza tujadiliane. Barabara ikinyooka, gari linapepesuka. Juzi nesi aliniuliza kama nimekunywa."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Nilikuwa nimekunywa dawa ya kikohozi, mwanangu, na haikuwa inaendesha." Kisha uso wake ukabadilika. "Sikiliza. Mkaguzi wa magari amenionya mara mbili. Ijumaa narudi kwake. Usukani ukiwa bado umelegea hivi, anang'oa namba za gari, na Nyigu haingii barabarani tena. Kaniambia, 'Mama, gari hili limezeeka, nawe pumzika.' Nikamwambia mimi nitapumzika nikifika. Lakini safari hii hatanii. Akilichukua gari hili, Jumapili zangu nitazikalisha wapi? Kibarazani?"

Nyundo alipiga moyo konde. Kazi ya kutafuta ulegevu wa usukani inataka mtu mmoja akae kitini na kuutikisa usukani, mwingine alale chini ashike viungo kimoja kimoja, hadi akipate kile kinachocheza. Nyundo alikuwa mmoja. Asingeomba mtu wa ng'ambo, afadhali ajifunge jiwe shingoni. Kwa hiyo alitengeneza msaidizi. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye usukani, akaupitisha dirishani na kuushusha chini ya gari hadi kwenye kidole gumba cha mguu wake. Akilala chini, anavuta kwa mguu, usukani unageuka. Kutoka nje alionekana kama mtu anayenyonywa na gari.

Alivuta na kushika, akavuta na kushika. Hakuona kinachocheza. Kwa kuwa mtu hawezi kumwambia shangazi yake kwamba hakuona kitu, alibadilisha tairodi zote mbili, zile fimbo zinazosukuma magurudumu kulia na kushoto, akazipiga kidogo kwa nyundo ili ziizoee nyumba, akamkabidhi gari.

Shangazi alizunguka soko mara moja akarudi. "Tairodi zinang'aa," alisema. "Gari linapepesuka vile vile, ila sasa linapepesuka likiwa limependeza."

Akavuka mstari na Nyigu mzima mzima, akamkabidhi Rula.

Rula hakutaka mpira wa baiskeli wala kichekesho cha aina hiyo. Aliinua mbele ya gari kwa jeki hadi magurudumu yakaning'inia hewani, akakamata gurudumu kwa mikono miwili, akalisukuma huku na huku, akatega sikio. Likageuka laini kama mlango uliotiwa mafuta. Alishika gurudumu la pili, likawa hivyo hivyo. Akapima hiki, akapima kile, na kila kipimo kikasema gari ni zima. Lililobaki ni sanduku la usukani, lile la chuma lenye meno ndani, ambalo juu yake lina skrubu ya kupunguza ulegevu. Rula aliikaza robo ya mzunguko. Akaitazama. Akaongeza robo nyingine. Halafu akaongeza nyingine, kwa ajili ya Nyundo.

Shangazi aliporudi safari hiyo alitoka garini akinyoosha mabega. "Mama yangu, umelikaza kama jibu la karani. Naingia kona kwa kupigana, nikitoka kona usukani hautaki kurudi, lazima niubembeleze. Na vile vidole vitatu viko pale pale."

"Haiwezekani," alisema Rula.

"Ninajua haiwezekani. Nimeiendesha."

"Kuna watu," Nyundo aliiambia hewa kutoka upande wake, "wanaotibu goti kwa kufunga shingo."

"Kuna watu," Rula aliijibu hewa, "wanaovuta magari kwa kidole cha mguu."

"Angalau mimi sikulizidishia ugonjwa."

"Hata kulipunguzia hukulipunguzia."

Shangazi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake walioingiza gia ya nyuma mbele ya gari la polisi. Ilikuwa Alhamisi mchana. Alirudi garini, akawasha, na kwa usukani ule mgumu akaanza kupiga hesabu za mwalimu: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Nyigu akageuka ndani ya gereji hadi akakaa mshazari, amekata mstari mweupe kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Kisha Shangazi akashuka, akavuta kwa mguu mbao mbili pana na nene zilizokuwa upande wa Rula, akazilaza mbele ya magurudumu, akapanda juu yake na gari, akazima. Akachomoa ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hapana mpwa anayeweza kuufuata.

"Haya," alisema, akikalia kreti la soda. "Kiti na usukani viko upande wa Nyundo. Boneti na magurudumu ya mbele yako upande wa Rula. Sheria yenu sikuivunja hata kidogo. Kila mtu atengeneze kilicho chake."

"Shangazi, huwezi kulitengeneza gari nusu," alisema Rula.

"Ndivyo mnavyolitengeneza wiki nzima."

Nyundo alijikuna kisogo. Rula alitaka kuinua gari kwa jeki, lakini jeki alikuwa ameirudisha mstarini asubuhi, nayo sasa ilikuwa ng'ambo, chini ya benchi la Nyundo. Kumwomba hataki. Magurudumu yakabaki juu ya mbao, yamebeba uzito wote wa gari. Nyundo naye alitafuta mpira wake wa baiskeli na kuona hauna kazi tena, kwani kutoka kitini mguu wake haukuwa na mahali pa kuvuta. Akaingia akakaa, akashika usukani, akatazama mbele kama abiria anayesubiri dereva. Rula akalala chali juu ya gunia na kujitumbukiza chini ya boneti, tochi mdomoni.

Muda ukapita. Kilichosikika ni kijiko cha Shangazi kwenye kikombe cha chai.

"Shangazi," sauti ya Rula ilitoka chini, "mwambie huyo aliyekaa kwenye usukani autikise."

"Nyundo, unaambiwa utikise."

Nyundo akauzungusha usukani toka huku hadi huku.

"Mwambie sikusema tunakwenda milimani. Atikise kidogo, kama mtu anayekuna upele."

"Nyundo, una upele. Kuna."

Nyundo akakuna. "Mwambie ni hivi?"

"Rula, anauliza ni hivi?"

"Mwambie aache hapo hapo."

"Nyundo, acha hapo hapo." Lakini hadi ujumbe ulipofika, "hapo" pale palikuwa pameshapita, na kilichokuwa kikionekana kilikuwa kimejificha.

Wakaendelea hivyo, swali likipanda kwenye kreti na jibu likishuka, kama maji yanayobebwa kwa ungo. Mara Rula akaita tena, "Shangazi, mwambie..." Kijiko kikaendelea kukoroga. "Shangazi?"

"Shangazi yuko mapumzikoni," alisema Shangazi. "Chai inapoa."

Ndugu wale walikuwa wametenganishwa na bati moja jembamba, na kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua. Nyundo aliona ncha za viatu vya Rula zikitokeza kando ya bampa, kamba ya kiatu kimoja imefungwa mafundo mawili kama alivyomfundisha yeye mwenyewe walipokuwa watoto.

"Kaka," alisema Rula. "Tikisa."

Nyundo akatikisa. Hakuzidisha, hakupunguza. Kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia kidogo.

"Acha."

Akaacha pale pale.

"Tena."

Akatikisa tena.

"Tairodi zako hazichezi," Rula alisema baada ya muda. "Za zamani nazo hazikuwa mbovu, nadhani, lakini hizi ni nzuri."

"Nimesikia sehemu ya mwisho tu."

"Endelea. Nimeshika mkono wa kati. Hauchezi. Nimeshika ule unaotoka kwenye sanduku." Akaubana kwa vidole. "Kaka, unatikisa?"

"Ninatikisa tangu uliposema endelea."

"Mbona huku hakuna kitu?"

"Huku kipo. Ngoja." Nyundo alifumba macho. Mkono wa Nyundo ulikuwa umepiga vyuma miaka mingi, na watu walidhani haujui kingine. Sasa aliutuliza kwenye usukani kama mtu anayemshika mgonjwa kipaji cha uso. "Nikigeuza kulia, unakwenda bure, bure, halafu kuna kitu kinanigonga kiganjani. Kidogo tu. Baada ya hapo ndipo unakuwa mzito."

"Kabla hakijakugonga, mkono wa sanduku uko tuli. Nimeushika."

"Una hakika?"

"Kaka, mimi?"

"Samahani."

"Basi," alisema Rula, na sauti yake ikaanza kuchangamka, "magurudumu hayahusiki. Tairodi hazihusiki. Wewe unatikisa, mimi sisikii. Ugonjwa uko kati yetu."

Shangazi akakohoa kikohozi ambacho hakikuhitaji dawa.

Rula akachomoka chini, uso mweusi kwa grisi, akafungua boneti. Mhimili wa usukani, ile fimbo ndefu inayotoka kitini, ulipenya ukuta wa kabini na kuingia chumba cha injini, na kabla ya kuungana na sanduku ulipita kwenye kiungo cha mpira: kisahani kinene, cheusi, kilichoshikwa kwa bolti nne, mbili za mhimili na mbili za sanduku. Kazi yake ni kumeza mtikisiko wa barabara usifike mikononi. Kilikuwa juu ya mstari mweupe hasa. Rula akakimulika. Kilionekana kizima. Akakiwekea vidole viwili.

"Tikisa, kaka. Taratibu."

Nyundo akatikisa, na kile kisahani kikafunua mdomo. Mpasuko ulioanzia kwenye tundu la bolti ukaachama, ukafumba, ukaachama tena, kama mzee asiye na meno anayetafuna kimya kimya. Usukani ukitulia, midomo inafumba na huwezi kuona hata alama.

Rula alicheka peke yake kwanza. "Njoo uone."

"Niko upande wangu."

"Nimesema njoo, wewe."

Nyundo alifungua mlango, akasimama, akautazama mstari sakafuni. Shangazi alijitia hamnazo, akawa anachunguza dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nyundo akavuka. Rula akaenda kukaa kitini, naye akavuka, akatikisa usukani, na Nyundo akainama na kuuona mpasuko ukimchekea.

"Mbona mimi sikuliona hili?" aliuliza. "Nilivuta siku nzima."

"Kwa sababu ulivuta. Mpira wa baiskeli ukishavutika haulegei. Ulikifungua kidonda upande mmoja ukakishikilia hivyo hivyo. Ulegevu unaonekana wakati wa kwenda na kurudi, wewe ulikuwa unakwenda tu."

"Na wewe je, bibi vipimo?"

Rula akanywea kidogo. "Mimi niliinua magurudumu. Yakiwa hewani hayabishi, na yasipobisha ule mpira wa kiungo hauna wa kushindana naye. Laiti jeki ingekuwa upande wangu leo, ningeinua tena na nisingeona tena." Akavuta pumzi. "Na lile sanduku nilikaza bure. Robo ya kwanza nilidhani. Ya pili nilitumaini."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikuwa nakufikiria wewe."

Nyundo alicheka hadi akaegemea bampa. Rula naye akacheka, na kicheko chao kikaenda mpaka kwa muuza mitumba wa jirani, ambaye aliacha kukunja suruali akaja mlangoni kuhakikisha kwamba gereji ni ile ile.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi yenye wawili haina kelele nyingi. Nyundo alikimbilia duka la vipuri akarudi na kiungo kipya kinachoenea kiganjani, ameshakikunja na kukikunjua njiani hadi akaridhika. Yeye alishika mhimili, Rula akafungua bolti. Yeye akaweka kipya, Rula akakaza kwa kipimo chake, akasoma kwa sauti, na Nyundo akarudia kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Skrubu ya sanduku ikarudishwa mahali pake pa kale. Kisha, kwa kuwa tairodi zilikuwa mpya, wakafunga uzi ubavuni mwa gari, mmoja kila ncha, wakanyoosha magurudumu hadi Rula alipotoa rula yake kweli na kukubali. Nyundo alipotaka kumalizia kwa kupiga kidogo, dada yake alimtazama, naye akaipiga meza.

Asubuhi ya Ijumaa Shangazi aliweka kiganja kwenye usukani na kuusogeza upana wa kucha. Magurudumu yakajibu. Akausogeza tena, yakajibu tena. "Ameamka," alisema polepole. Akatangulia kwa mkaguzi, ndugu wawili wakimfuata kwa pikipiki ya Nyundo.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye sura ya mtu aliyezaliwa akiwa na mashaka. Alimwona Nyigu akiingia, akachukua bisibisi ya kung'olea namba, akaishika mkononi ili kuokoa muda.

"Mama, umerudi."

"Nimerudi, baba. Na gari limenyooka kuliko wewe."

Mkaguzi hakucheka. Alizunguka gari, akashika usukani kupitia dirishani, akautikisa, akachungulia chini. Alipochungulia, usukani ulikuwa umetulia. Akasimama, akautikisa tena, akainama mbio kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. Hakufumania kitu. Nyundo na Rula, waliosimama kando ya ukuta, walimtazama akirudia mchezo ule, jasho likimtoka, na kila mmoja aliuma midomo yake asimwangalie mwenzake.

"Mwenzangu wa zamu ameugua leo," mkaguzi alisema hatimaye, kwa hadhi. "Mama, hebu kaa kitini unitikisie."

"Nitikise vipi, baba?"

"Kidogo kidogo. Kama..." Alitafuta mfano.

"Kama mwenye upele," alisema Shangazi, akakaa.

Mkaguzi alilala chini ya Nyigu, akashika kiungo baada ya kiungo, akauliza "sasa?" na Shangazi akajibu "sasa," na alipotoka huko vumbi likiwa limemjaa kisogoni, alikaa sakafuni kwanza akitazama gari. Mkono uliokuwa na bisibisi ulikuwa umeshuka. "Nani ametengeneza usukani huu?"

"Yeye," alisema Rula.

"Yeye," alisema Nyundo, wakati huo huo.

Mkaguzi aliwatazama kwa mashaka yake yote, kisha akairudisha bisibisi kwenye mfuko wa shati na kugonga muhuri. Shangazi aliupokea mwaka mzima wa barabara kwa mikono miwili, akamwombea mkaguzi uzee wenye kona nyingi, akatoka na Nyigu langoni. Nje alikuwa akisubiri nesi, kitambaa kichwani, ingawa siku ilikuwa Ijumaa.

"Milima haina kalenda," Shangazi aliwaambia wapwa zake. "Ningewachukua, lakini viti ni viwili, nanyi nimewazoea mkiwa pamoja." Akaingiza gia. Nyigu akaipita barabara kama sindano inayopita kwenye kitambaa, bila kupepesuka kushoto wala kulia, na sauti mbili zisizokutana zikaanza kusikika kabla hata gari halijapinda kona.

Nyundo na Rula wakabaki wamesimama. Pikipiki ilikuwa ya Nyundo, lakini Rula ndiye aliyeshika usukani, na kaka mtu alipanda nyuma bila ubishi. Waliondoka wakiwa wamekwisha kuanza kubishana ni nani hasa aliyeugundua mpasuko: yule aliyeusikia kiganjani au yule aliyeushika kwa vidole. Walibishana njia nzima kwa raha zao, na kila aliyewasikia wakipita alijua ugomvi huo hautapata mshindi, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.